Ipi Hasa ni ya Kwanza? Kutoka Kadi za Besiboli hadi Dhahabu ya Tabora

Pale Nyamongo, mkoani Mara, mnunuzi wa dhahabu haulizi imechimbwa lini wala nani aliigusa kwanza. Anaiweka kwenye mizani, anaichoma, anaihakiki kwa asidi, kisha anataja bei. Pointi ni pointi na gramu ni gramu, iwe imetoka kwenye duara la machimbo leo asubuhi au imekaa kwenye kitambaa cha bibi tangu enzi za mgodi wa Buhemba. Dhahabu haina umri.

Kuna watu, hata hivyo, ambao umri ndio biashara yao yote. Hao ni wakusanyaji: wa sarafu, wa stempu, wa noti kuukuu, na kule Marekani wa kadi zenye picha za wachezaji. Kwao vitu viwili vinaweza kufanana kwa karatasi, kwa wino na kwa uzito, lakini kimoja kikaitwa "cha kwanza" na kingine kikaitwa "cha baadaye", na tofauti ya bei kati yao ikanunua nyumba. Sasa nani anaamua kipi ni cha kwanza? Swali hili limeleta ubishi kwa miaka mingi, na sisi Watanzania tunalo letu kabisa, tena lililotengenezwa kwa dhahabu ya nchi hii. Lakini ili kulielewa inafaa tuanzie kwa Wamarekani, maana wao ndio waliobishana hadi wakaandika kanuni.

Kadi za besiboli zilianza kama kichocheo cha kuuza sigara. Katika miaka ya 1880 kampuni za tumbaku ziliweka vipande vya karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisipondeke, zikachapa juu yake sura za wachezaji. Baadaye ikaja zamu ya peremende na bigijii. Kampuni ya Goudey ilitoa seti yake mashuhuri mwaka 1933, Bowman wakaingia 1948, na mwaka 1952 Topps wakatoa seti kubwa ambayo hadi leo inahesabiwa kuwa mama wa kadi za kisasa. Watoto walizinunua, wakabadilishana, wakazifunga kwa mpira, na nyingi zikaishia jalalani. Hakuna aliyeuliza ipi ni ya kwanza.

Swali lilikuja pamoja na pesa. Kufikia miaka ya 1980 watoto wale wamekuwa watu wazima wenye mishahara, na kila mmoja anatafuta kadi aliyotupiwa na mama yake. Topps, waliotamba peke yao kwa muda mrefu, walipata wapinzani mwaka 1981, Fleer na Donruss walipoingia sokoni. Ghafla mchezaji chipukizi akawa na kadi tatu au nne za msimu uleule. James Beckett, mtaalamu wa takwimu aliyekuwa akikusanya orodha za bei, alianzisha jarida lake mwaka 1984, na likawa ndilo mwamuzi. Kanuni iliyokubalika ya kadi ya kwanza, yaani kadi ya uchipukizi, ilikuwa na masharti machache: kadi itoke kwenye seti ya kawaida ya kampuni yenye leseni, iuzwe nchi nzima ndani ya pakiti, na iwe ya mwaka wa kwanza wa mchezaji huyo kuonekana katika seti za aina hiyo. Kadi zilizouzwa kwa boksi zima mwishoni mwa msimu, au zilizogawiwa uwanjani, au za ligi ndogo, zilibandikwa majina mengine. Zilikuja mapema, ndiyo, lakini hazikuhesabiwa.

Hapo ndipo utamu ulipo. Mickey Mantle wa New York Yankees ana kadi ya Bowman ya mwaka 1951, mwaka alioanza ligi kuu. Kwa kanuni zote hiyo ndiyo kadi yake ya uchipukizi. Lakini kadi yake iliyouzwa kwa dola milioni 12.6 mnadani mwezi Agosti 2022 ni ya Topps ya mwaka 1952, yaani ya pili. Ken Griffey Mdogo alipewa namba 1 katika seti ya kwanza ya kampuni ya Upper Deck mwaka 1989 kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu, na wakusanyaji wakaikubali kadi hiyo kuwa ya uchipukizi bila kusita. Kisha mambo yakazidi. Kampuni zikaanza kuchapa vijana wa miaka 17 na 18 ambao wengi wao hawakufika popote, na kila kadi ikadai kuwa ya kwanza. Mwaka 2006 chama cha wachezaji na ligi vikaingilia kati: alama rasmi ya uchipukizi ingewekwa tu kwenye kadi ya mchezaji aliyekwisha kufika ligi kuu.

Amri ilitoka, lakini soko halikutii. Mike Trout alianza kucheza ligi kuu na timu ya Angels mwezi Julai 2011, na kadi yake yenye alama rasmi ni ya Topps Update ya mwaka huohuo. Kadi yake ya Bowman ya 2009, ile iliyochapwa nakala moja tu na kutiwa saini yake, iliuzwa Agosti 2020 kwa takriban dola milioni 3.9. Kwa kanuni ya 2006, kadi hiyo si ya uchipukizi hata kidogo.

Kwa hiyo kanuni hutoa jina, na soko hutoa bei. Ukichanganya haya mawili utaliwa pesa, iwe uko Chicago au Kariakoo.

Mtanzania mmoja anatuonyesha jambo hilo vizuri. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na tarehe 25 Juni 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA na Memphis Grizzlies. Akawa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ile. Nyuma yake waliitwa James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Msimu huo leseni ya kadi za mpira wa kikapu ilikuwa inahamia Panini, huku Topps na Upper Deck wakimalizia muda wao, kwa hiyo chipukizi wa mwaka ule wana kadi za kampuni zote tatu. Kadi za Thabeet zimetimiza kila sharti: seti za kawaida, leseni, pakiti, mwaka wa kwanza. Ni kadi za uchipukizi halisi zaidi kuliko zile za Trout za 2009. Na unaweza kuzinunua kwa bei ya chakula cha mchana, wakati kadi za Curry za seti zilezile zinanunua gari. Thabeet aliondoka NBA mwaka 2014. Uhalisi wa kadi zake haukupungua hata chembe. Kilichopungua ni hamu ya wanunuzi.

Sasa turudi nyumbani. Muulize mtu yeyote wa makamo: sarafu ya kwanza ya nchi hii ni ipi? Atakutajia ile yenye kichwa cha Mwalimu Nyerere. Muulize mkusanyaji, nawe utakaa hadi jioni.

Ataanza na Kilwa. Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa wa karne ya 11, alitoa sarafu ndogo za shaba zenye maandishi ya Kiarabu ya vina: upande mmoja unamsifu Mungu, upande wa pili unataja jina la mtawala, na pande mbili zinakamilisha ubeti. Hazina mwaka wala jina la mji. Zilizunguka pwani kwa karne kadhaa, na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa bara lile, jambo ambalo wanahistoria hawajamaliza kulieleza. Kule Pemba, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 wachimbuzi walifukua hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa hapahapa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Na mwaka 1991 zilitangazwa sarafu tatu za dhahabu za Kilwa kwenyewe, za al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule sultani aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Sarafu tatu tu. Dhahabu ya Kilwa ilikuwa ikija kwa njia ya Sofala kutoka nyanda za Zimbabwe, kwa hiyo mtawala alikuwa wa kwetu ila dhahabu ilikuwa mgeni.

Unguja nayo ina dai lake. Seyyid Barghash alitoa mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1881 hadi 1882, pesa za shaba zenye picha ya mizani, riyali za fedha, na sarafu chache mno za dhahabu za riyali mbili na nusu na riyali tano. Jina lilikuwa la sultani wa hapa, kazi ilifanyika Ulaya. Miaka minane baadaye kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikatoa pesa zake na rupia zake, rupia zikiwa na Kaizari Wilhelm wa Pili ndani ya kofia ya chuma yenye tai. Hizo nazo zilipigwa Berlin. Kampuni binafsi kutoa sarafu ya nchi ni kioja, na ndiyo maana wakusanyaji wakali huzitenga na zile za serikali ya kikoloni zilizoanza mwaka 1904.

Halafu inakuja Tabora, na hapa lazima tukae kidogo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Waingereza ziliziba bahari. Koloni la Wajerumani likakatwa na Berlin: hakuna noti mpya, hakuna sarafu, na askari na wapagazi wanataka malipo. Serikali ilichapa noti za dharura kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Watu hawakuzipenda, na hawakukosea. Basi ikaamuliwa kutengeneza sarafu kwenye karakana ya reli ya Tabora, pale penye mitambo ya kukunja na kukandamiza chuma. Mwaka 1916 zikatoka hela 5 na hela 20 za shaba nyekundu na shaba ya njano, chuma chakavu cha vita kikiwa sehemu ya malighafi. Zimepigwa kwa haraka: kingo hazilingani, picha nyingine imekaa upande, herufi nyingine imemezwa.

Kisha ikatoka ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitoka Sekenke, Iramba, mgodi ulioanza kazi mwaka 1909. Thamani yake ni rupia 15. Kipenyo ni milimita 22 na uzito gramu 7.168. Dhahabu ni sehemu 750 kati ya 1,000, yaani karati 18, ndiyo sababu rangi yake si ile ya njano iliyoiva. Upande mmoja una tai wa dola ya Kijerumani. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, chini mwaka 1916 na herufi ndogo T ya Tabora. Ukiikaribia kwa kioo utaona mistari ya ngozi ya tembo imechorwa na mkono uliojua kazi. Zilitengenezwa 16,198. Wakusanyaji wanazigawa mafungu mawili kwa kutazama ncha ya pambo la upande wa tai: katika fungu moja ncha inaishia chini ya herufi A ya kwanza ya neno OSTAFRIKA, katika jingine inaishia chini ya T. Pambo dogo kuliko kucha ya mtoto, na watu wanaandikiana barua za ukurasa mzima juu yake. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na kazi ikaisha.

Je, hii ndiyo sarafu ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania? Wauzaji wengi wanapenda kusema hivyo. Dhahabu ni ya ardhi hii, mtambo ulikuwa katika ardhi hii, na bila shaka mikono mingi iliyochimba, iliyobeba na iliyowasha moto ilikuwa ya watu wa hapa. Kwa kipimo cha udongo, hakuna inayoifikia. Kwa kipimo cha mtawala, Kilwa iliitangulia kwa karne sita. Kwa kipimo cha jina la nchi, haijafuzu kabisa: juu yake imeandikwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Na kwa kipimo kile cha Beckett, cha kitu kilichotolewa ili watu wote wakitumie, ina walakini mkubwa. Rupia 15 haikuwa pesa ya kununulia mtama sokoni. Mpagazi hakuiona.

Baada ya vita Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, makao yake yakiwa London. Walijaribu florini mwaka 1920, ikashindikana, na mwaka 1921 shilingi ikachukua nafasi, ile yenye simba na milima nyuma yake. Shilingi hii ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Zanzibar. Ililipa kodi ya kichwa, ililipa mahari, ililipa mishahara ya migodi ya Musoma katika miaka ya 1930. Babu zetu wengi hawakujua pesa nyingine. Lakini haikuwa ya nchi yoyote, ilikuwa ya bodi.

Kabla ya kufika kwenye sarafu yenyewe, stempu zina kisa kinachofanana mno na ubishi wa kadi. Tarehe 7 Julai 1964, miezi michache baada ya Muungano, zilitoka stempu nne zenye jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Zingeonekana kuwa za kwanza bila ubishi. Tatizo ni kwamba ziliuzwa Tanganyika, Kenya na Uganda, lakini Zanzibar hazikukubalika: jina la visiwa limeandikwa, na ukiibandika kwenye barua, posta ya visiwani haiipeleki. Zanzibar wakati ule ilikuwa na zake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 stempu za wakati wa Sultani ziligongwa mhuri wa "JAMHURI 1964", kwanza kwa mkono, kisha kwa mashine, na mihuri ile ya mkono inawasumbua wakusanyaji mpaka leo kwa kuwa yeyote mwenye mpira na wino anaweza kuighushi. Seti ya kwanza ya kawaida yenye neno Tanzania ilitoka tarehe 9 Desemba 1965. Na Zanzibar iliendelea na stempu zake hadi mwisho wa 1967. Chagua mwenyewe: jina la Muungano, jina la Tanzania, au siku stempu moja ilipopeleka barua kutoka Ng'ambo ya Unguja hadi Tarime bila swali. Hizo ni tarehe tatu tofauti.

Sarafu haina utata wa kiasi hicho. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango tarehe 14 Juni 1966, Edwin Mtei akiwa gavana, na ikatoa sarafu za senti 5 zenye samaki sulisuli, senti 20 zenye mbuni, senti 50 zenye sungura na shilingi moja yenye mwenge. Upande wa pili wa zote yupo Nyerere, mwana wa Butiama, mkoa uleule wa Mara iliko Nyamongo, na maneno RAIS WA KWANZA. Zilipigwa kwa mamilioni, zikaingia kwenye kila kibubu na kila sanduku la sadaka. Mtoaji ni chombo cha nchi, jina ni la nchi, na watu walizitumia hadi sura ikafutika. Hukumu yangu ni hiyo: ya kwanza halisi ni ya 1966, na ya Tabora ni kama kadi ya Trout ya 2009, ghali zaidi, nzuri zaidi, lakini imetangulia kitu ambacho kilikuwa bado hakijazaliwa.

Wapo watakaosema nimeidhulumu dhahabu. Basi ipo pia shilingi 1,500 ya mwaka 1974, ya dhahabu, yenye duma, iliyotolewa kwa kampeni ya kimataifa ya kuhifadhi wanyamapori. Ina jina la Tanzania, imetolewa kisheria, na hakuna aliyewahi kurudishiwa chenji yake dukani. Ilizaliwa kwa ajili ya kabati. Kwa macho ya wakusanyaji wa kadi ingekuwa ile ya boksi la mwisho wa msimu.

Nyamongo yenyewe haimo katika orodha hii, na hilo linaelezeka. Mgodi wake wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, ukapita mikononi mwa Placer Dome, kisha Barrick, na tangu makubaliano yaliyozaa kampuni ya Twiga Minerals serikali ina hisa asilimia 16. Dhahabu yake hutoka kama matofali ya kwenda kusafishwa, na ikishasafishwa huchanganyika na ya dunia nzima. Sekenke ilikuwa mgodi mdogo, ila kwa kuwa bahari ilizibwa na vita, dhahabu yake ilibaki nchini na kupewa tembo na tarehe. Ya Gokona na Nyabirama, mashimo ya North Mara, ni nyingi kuliko ile kwa mbali, na haina alama yoyote ya kuonyesha ilikotoka.

Msomaji, huenda una kisanduku cha marehemu babu chenye sarafu kuukuu, hasa kama aliwahi kufanya kazi relini au kupita Tabora. Usizisugue kwa jivu wala ndimu. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani kwa wakusanyaji. Usimpelekee sonara kwanza, maana sonara hununua uzito tu. Ukiambiwa una tembo wa Tabora, pima: kama si gramu 7 na ushee na milimita 22, umeuziwa nakala, na nakala ni nyingi. Na kama ni kipande cha shaba chenye maandishi ya Kiarabu ulichookota ufukweni Kilwa au Pemba, huko habari ni nyingine. Kwa Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka. Tembo wa 1916 unaweza kumrithisha mwanao. Sarafu ya Ali bin al-Hasan ipeleke serikalini.